Disketi ya Maharagwe Yaliyolowa

Bwiza, Bujumbura
Jioni. Kesho unasafiri.

Belise, binti yangu,

Begi lako liko mlangoni. Shangazi yako Riziki alilifunga kamba, akalifungua kuhakikisha sweta imo, akalifunga upya. Ameshakuambia yote ambayo mtoto wa miaka minane huambiwa kabla ya safari: usinywe maji ya njiani, usimpe mtu mkono wako isipokuwa yeye, ukifika kwa mjomba usingoje kuagizwa kuosha vyombo. Mimi sitayarudia. Riziki ana sauti ya kutosha watu wawili, na kwa kuwa anakufikisha mwenyewe hadi Kigoma, atapata nafasi ya kuyasema tena kuanzia Ruziba mpaka mpakani.

Barua hii utaisoma mara mbili. Mara ya kwanza utaisoma kwa kidole, neno kwa neno, na mengi yatakupita. Mara ya pili sijui itakuwa lini. Pengine utakuwa mkubwa kuliko mimi niliyekaa hapa kwenye meza, nikisimama kila gari linapopunguza mwendo barabarani. Kwa huyo wa mara ya pili ndiyo nimetafuta karatasi nzuri za ofisini.

Unakumbuka wiki iliyopita nilipokuambia kwamba utakwenda kukaa na mjomba wako Fideli mpaka mji huu utulie na walimu warudi madarasani? Ulikuwa unachambua mchele kwenye ungo. Hukulia. Uliendelea kutoa mawe, ukayapanga pembeni, kisha ukaniuliza:

"Papa, mjomba nitamujua namna gani? Mi sijamuona hata siku moja."

"Anafanana na mama yako," nikasema.

"Na mama alikuwa namna gani?"

"Alikuwa mzuri."

Ukaacha mchele. "Kila mutu anasemaka mama yake alikuwa muzuri. Mi nauliza alikuwa namna gani."

Kazi yangu ni kueleza. Nikiona gunia lililochanika bandarini naweza kuliandika hivi kwamba mtu wa bima aliyeko mbali, ambaye hajawahi kuliona ziwa letu, atajua limechanika upande gani na kimemwagika kiasi gani. Lakini nilipotaka kukueleza uso wa Goreti, mke wangu, mama yako, kila nilichoshika kiliponyoka. Nilitafuta pua yake nikaiona pua yako. Nilitafuta macho nikaona ya bibi yako. Nilijua hapo kwamba nimeanza kumpoteza mara ya pili, na kwamba wewe ungeondoka bila hata kitu cha kupoteza.

Umekua ukidhani kwamba nyumba hii haina picha kwa sababu tulikuwa maskini. Tulikuwa na albamu nzima ya harusi, yenye jalada jekundu. Niliichoma mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, si ili unisamehe haraka. Watoto wanaosamehe haraka hawaulizi tena.

Siku hizo askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na kila mtaa ulikuwa na habari yake ya kusimuliana kwa sauti ndogo. Ya mtaa wetu ilikuwa ya kinyozi mmoja aliyebandika ukutani picha ya timu yake ya mpira. Waliokuja kupekua waliuliza jina la kila mchezaji. Mmoja kati ya wachezaji hao alikuwa amekwenda msituni kupigana, na kinyozi hakuwa na habari. Walimchukua. Alirudi baadaye, lakini hakumnyoa mtu tena.

Mjomba wako Fideli, kaka wa mama yako, alikuwa ametoweka kwao Mutakura tangu mwanzo wa mvua. Watu walisema, yuko msituni. Nani alimwona? Hakuna. Lakini walisema. Na Fideli ndiye aliyetusimamia kwenye harusi. Alikuwa katika kila picha, amevaa suti ya kuazima iliyomfupia mikono, ameng'aa kuliko bwana harusi.

Basi Jumamosi moja mama yako akiwa sokoni anauza mchele, nilitia mkaa kwenye mbabula, jiko letu la uani, nikaketi na albamu mapajani. Nilianza kuchagua, hii ina Fideli, hii haina. Kisha nikaogopa hata zile zisizokuwa naye, kwa sababu zilikuwa na watu waliomjua. Nikazitia zote. Picha haziungui kama karatasi, Belise. Zinajikunja kwanza, kama mtu anayeona aibu.

Goreti alirudi mapema. Alisimama mlangoni na kapu kichwani.

"Papa Belise, unapika nini chenye kunuka hivi?"

"Sipiki."

Akatua kapu, akainama juu ya mbabula. "Ile si robe yangu ya harusi?"

Pembe moja ya picha ilikuwa bado haijaungua. Akaitoa kwa koleo, ikamvunjikia.

"Kama wakija wakamuona kaka yako humu ndani..." nikaanza.

"Wakija hawatamuona. Sawa. Na sisi tutamuona wapi?"

Aliingia ndani, nikadhani amekwenda kulia. Akatoka na sufuria ya maharagwe, akaiteleka juu ya mkaa uleule. "Moto usiende bure," akasema. Tulikula maharagwe yale usiku, na mimi nilikula mengi.

Wakati huo ulikuwa na mwaka mmoja na miezi, unatambaa uani ukiokota majivu.

Nataka ujue kitu kuhusu woga, si kwa sababu mimi ni bingwa wa kuushinda, bali kwa sababu nimekaa nao nyumba moja. Woga wangu haukuwa wa kupiga kelele. Ulikuwa wa kukubali. Kwenye vizuizi vya barabarani nilijifunza kusema ndiyo kabla swali halijaisha. Unatoka kazini? Ndiyo, afande. Fungua begi? Ndiyo, afande. Wewe ni mpumbavu? Siku moja niliulizwa hivyo, wenzake wakicheka, na nikasema ndiyo, afande. Neno lile lilinipitisha mahali pengi, na ndilo lililonifanya niwe hai, ninakuandikia. Lakini ukilizoea, linatoka lenyewe hata mbele ya kitu kisichokuwa na bunduki. Utaona.

Mama yako hakuwa hivyo. Yeye alisema apana kama mtu anayesema karibu. Wanunuzi walimtajia bei ya kipuuzi, akasema apana huku anawapimia, nao wakalipa. Sijui alijifunzia wapi.

Sasa habari ya disketi.

Ofisi yetu inakagua mizigo kabla haijasafiri, na ile iliyoharibika njiani: sukari iliyolowa, simenti iliyoganda, magunia yaliyoliwa na panya. Miaka ile tulipewa kamera mpya, kubwa na nzito kama tofali, isiyotumia filamu. Ilikuwa na mdomo pembeni, unaingiza disketi, lile bamba dogo la plastiki la kompyuta, na kila ukipiga picha unaisikia inanguruma ndani ikiandika. Tulikuwa na utaratibu. Mzigo haupigwi picha mtupu. Lazima mtu asimame pembeni ameshika ubao mdogo wa chaki, wa shule, umeandikwa hali ya mzigo: umelowa, umechanika, au mzima. Bila ubao, watu wa bima hawaikubali picha. Zikishahamishwa kwenye kompyuta, disketi inafutwa, inatumika tena.

Wiki chache baada ya kuichoma albamu nilipewa kamera nilale nayo nyumbani, kwa sababu Jumatatu alfajiri nilitakiwa Gatumba kwenye malori. Nikamwambia mama yako akae kwenye kiti uani.

"Apana," akasema. "Uko na mazoea ya kuunguza watu, we."

"Hii haiungui. Haina karatasi. Picha inaingia humu, hakuna anayeiona bila mashine. Hata wakipekua, ni kipande cha plastiki tu."

Hapo nilikuwa najivuna, Belise. Nilidhani nimepata picha inayofaa wakati wetu, picha isiyoonekana.

Alicheka. Akakaa, akakupakata. Nikainua kamera, akainua mkono mbele yangu, "Ngoja, ngoja, bila ubao wakubwa wa biro yako ya kazi watakubali?" Akauchukua ubao kwenye begi langu, akaandika kwa chaki, akakupa uushike. Ulikuwa umekuzidi, zikaonekana nywele zako tu. Alikuwa bado anacheka na mkono bado uko juu nilipobonyeza. Nilipiga nyingine kadhaa, lakini ile ndiyo niliyoiweka moyoni.

Disketi nikaiandika kwa kalamu, kwa herufi za ofisi, Maharagwe yaliyolowa, ili mtu yeyote akiishika aone kazi. Goreti akaisoma.

"Kwa hiyo mi ndiyo maharagwe yenye kulowa?"

"Ni kwa usalama."

"Asante. Bwana wa wengine anamuita mke wake ua."

Nikaificha ndani ya redio, nyuma ya spika, nikaukaza mfuniko kwa bisibisi.

Alikufa kabla hujatimiza miaka minne. Alikwenda asubuhi Buterere kununua mchele kwa wakulima, kama alivyokwenda kila wiki, na njiani kukawa na risasi, na hakuwa anazitafuta wala hazikuwa zinamtafuta. Kuhusu siku hiyo sitaandika zaidi. Bibi yako anaijua, Fideli anaijua, na ukitaka kuijua siku moja, uliza ukiwa umeketi karibu na mtu.

Siku ya kuganduka, tulipoondoa msiba, watu huweka picha ya marehemu kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Bibi yako alitazama ile meza tupu. Alikwenda jikoni, akarudi na ungo wa Goreti, ule wa kuchambulia mchele, akausimamisha mahali pa picha. Watu walipita mbele ya ungo, wakainamisha vichwa. Ndio huo unaochambulia wewe.

Utaniuliza, na disketi? Kwa nini hukuitoa siku ile? Nimejiuliza pia. Kamera ilikuwa imeshabadilishwa, lakini kompyuta ofisini zilikuwepo. Ukweli ni kwamba disketi ambayo haijafunguliwa haiwezi kuwa tupu. Maadamu ilikuwa ndani ya redio, mama yako alikuwa ndani yake, anacheka. Kila nilipofungua redio kusikiliza habari nilijua yupo nyuma ya habari. Niliogopa kujua zaidi ya hapo. Nilikaa hivyo miaka, na miaka ndiyo iliyokuwa inamla. Plastiki ina ukungu wake, na spika ina sumaku. Hilo la sumaku nilisoma shuleni. Nililijua. Mtu anaweza kusoma kitu, akafaulu mtihani wake, halafu akaficha mke wake nyuma ya sumaku.

Swali lako la siku ya mchele ndilo lililonifanya nichukue bisibisi.

Sikwenda nayo ofisini, niliona haya. Nilikwenda Buyenzi, kwa Zaituni, yule mama mwenye siberi, chumba cha kompyuta za kulipia, karibu na mafundi wa magari, anayekupa biskuti ukinisindikiza. Alinipa mashine ya pembeni. Nikaingiza disketi. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Kisha kwenye kioo likatokea swali kwa Kifaransa, kwamba disketi hii haijatayarishwa, je, niitayarishe sasa? Chini yake, Oui na Non, ndiyo na hapana.

Mimi natumia kompyuta kila siku. Najua kutayarisha maana yake ni kufuta kila kitu. Lakini niliulizwa swali, na swali lilikuwa na sauti ya mkubwa. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya Oui.

Kofi la Zaituni lilinipata mkononi mpaka watu wakageuka.

"We! Unataka kufanya nini? Umesema ni foto ya marehemu, na unataka kumufuta?"

"Imeniuliza..."

"Imekuuliza! Na mimi nikikuuliza kama nikunyonge, utasema oui?"

Vijana wa mashine za nyuma wakacheka. Disketi akaitoa yeye. Akaijaribu kwenye mashine nyingine, na nyingine. Zote zilikoroma na kuuliza swali lilelile, na kila mara alibonyeza Non kwa nguvu huku ananitazama, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Mwishoni akaipangusa kwenye khanga yake. "Mi siwezi. Nisikudanganye nikakula pesa. Lakini hii iliandikwa na nini? Na ordinateri?"

"Si kompyuta. Iliandikwa na kamera yenyewe. Apareyi ya ofisi."

"Iko wapi?"

"Iliharibika betri. Nadhani iko sitoo."

"Basi kaiulize hiyo. Kuna maandiko ya watu ni wao peke yao wanaweza kuyasoma. Kama ya mume wangu."

Nilikaa siku nzima ofisini bila kufika kwenye mlango wa sitoo. Kuomba kitu cha ofisi kwa jambo langu mwenyewe, hilo sikuwahi kufanya. Nilitunga sababu za kazi, nikazifuta. Mwisho nikamwendea Leonidasi, mtunza sitoo, mtu mnene anayelala baada ya chakula, nikamwambia kweli kwa sababu sikuwa na uongo uliokamilika.

Alifungua jicho moja. "Ile yenye kukula disketi? Iko chini ya turubai. Mbona hukuniambia mapema, Monsieur? Unafikiri ninailinda na bunduki?"

Betri ilikuwa imekufa kabisa, lakini waya wa umeme ulikuwepo, umefungwa na mpira. Tuliiweka juu ya katoni za misumari, tukachomeka, tukangoja kama wanaongoja chai. Ikawaka. Niliingiza disketi mdomoni mwake, ikanguruma ule mngurumo wake wa zamani, na sikuwa tayari kwa mngurumo ule. Ulikuwa wa uani kwetu.

Picha ya kwanza ilikuwa giza. Ya pili, giza. Iliyofuata ilikuwa mistari ya rangi kama kitenge kilichochanwa. Leonidasi aliacha kufanya mzaha. Nilikuwa nimeshaanza kujiandaa kwa yale niliyoyaogopa miaka yote, nikasema moyoni, sawa, sasa ni tupu, sasa umejua.

Kisha ikaja moja inayoshuka kutoka juu, polepole, ukanda kwa ukanda. Kwanza ukuta wetu. Kisha nywele, zimefungwa kitambaa cha kijani nilichokuwa nimekisahau. Paji la uso. Kiganja kilichoinuliwa. Macho, yamefinywa na kicheko. Kisha mdomo, uko wazi.

"Hee," Leonidasi akasema taratibu. "Kumbe Madamu alikuwa na mwanya."

Mwanya, Belise! Kati ya meno ya mbele, juu. Mpana kiasi cha kupitisha punje ya mchele, na kweli alikuwa akifanya hivyo kukuchekesha. Nilikuwa nimeusahau. Nimelala pembeni ya mwanya ule miaka, na nilipoulizwa na mtoto wangu mwenyewe nikajibu "alikuwa mzuri". Na Fideli anao uleule. Na wewe, meno yako makubwa yameanza kuota mwaka huu, nenda kwenye kioo.

Ikashuka hadi kidevu, shingo, bega moja. Kisha ikasimama. Chini yake ikaja rangi ya kijivu, moja tu, mpaka mwisho. Tulingoja. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Kila mara ilifika begani na kusimama palepale.

Leonidasi alinisaidia kuinakili kwenye disketi mpya, kamera ile ilikuwa inaweza, na mashine ya zamani kuliko zote ya Zaituni ikaikubali bila swali lolote. Leo mchana nimeipeleka studio ya hapa Bwiza ichapishwe, nakala mbili, moja ni ya mjomba wako.

Maana yeye pia hana. Hakuwa msituni, unajua? Habari zake zilitufikia mwaka jana. Alikimbia Tanzania usiku mmoja bila viatu, akakaa kambini, akaoa msichana wa Kigoma, anatengeneza baiskeli. Muda wote ambao mimi nilikuwa naungua na uso wake kwenye mbabula, yeye alikuwa anaziba matundu ya matairi. Alipoandika kukuomba ukae kwake usome, hakutaja albamu. Pengine hajui, pengine kuna aliyemwambia. Ukimpa picha, usiseme lolote. Mwache aitazame. Ikiwa ataniuliza mimi, nitamjibu mimi.

Ulitaka kujua utamjua namna gani. Subiri acheke.

Sasa nimalizie studio, halafu nizime taa, maana Riziki amekohoa mara ya tatu kule chumbani na kikohozi chake nakifahamu.

Kijana wa studio aliitazama picha kwenye mashine yake. Nyuma yangu watu walikuwa wengi, wanasukumana, mmoja na picha za harusi, mwingine na za pasipoti.

"Patron," akasema, "huku chini kumeharibika. Nikate? Inabaki kichwa na mabega tu, kama ya karata ya kitambulisho. Inakuwa safi."

Alikuwa ameshashika kipanya. Aliuliza kama wanavyouliza wote, jibu likiwa tayari mdomoni mwake, na nikalisikia langu linapanda kooni, lile la siku zote.

"Apana," nikasema.

"Apana?"

"Usikate. Chapisha yote."

"Lakini ni kijivu tu, Patron. Hamna kitu pale."

"Kuna mutu."

Akaitazama tena, akanitazama mimi. Watu nyuma walikuwa wanaguna. Nilikuwa kama niko kizuizini, nakwambia kweli, kwa ajili ya kipande cha rangi ya kijivu. Sikuondoka pale. Akaichapisha yote.

Iko katikati ya karatasi hizi, nimeizungushia nailoni. Itazame mchana, si usiku. Anza juu, kama ilivyonijia mimi. Kitambaa cha kijani. Kiganja, anasema ngoja. Macho. Mwanya, kaa hapo kadiri unavyotaka. Kisha teremka polepole mpaka rangi zinapoisha, na usiishie hapo. Mahali panapoanza kijivu ndipo zilipokuwa nywele zako. Chini kidogo kuna mikono yake miwili ya kukushika, maana ule ulioinuliwa aliurudisha mara tu nilipobonyeza, nilimwona. Kuna gauni lako la njano, limelowa mate kidevuni. Kuna ubao wa chaki uliokuzidi, umeushika kwa vidole vyote, na juu ya ubao, kwa mwandiko wa mama yako unaolalia kulia, neno moja la kazini kwangu: Mzima.

Mashine haikuliona. Mimi nilikuwepo, nimesimama upande wa pili, na kazi yangu ni kushuhudia hali ya kitu kabla hakijasafiri.

Ufike hivyo hivyo.

Papa wako